Mgeni wa Siku ya Tatu

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, na aghalabu wanafunzi walicheka, kwa kuwa waliiona ni mzaha wa kumsema mgeni mvivu. Mimi nami sikuielewa sawasawa mpaka nilipokuwa mgeni mwenyewe, katika mji usio na jembe wala shamba. Hapo ndipo nilipotambua kuwa methali ile kwa kweli inamkaribisha mgeni, maana mtu anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenye nyumba.

Katika vitabu vya historia ya nchi zetu, wasomi waliokwenda ng'ambo hutajwa kwa shahada zao. Fulani alikwenda mwaka fulani, akasoma sheria au uchumi, akarudi, akaingia katika siasa. Husomi alilala wapi usiku wa kwanza, alikula nini, alipanda chombo gani kwenda darasani, wala nani alimjulia hali alipougua. Mambo hayo huonekana madogo. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kuongoza shule ya bweni anajua kwamba mtoto ambaye bado hajajua choo kiko wapi hawezi kujifunza hesabu siku ile. Kwa hiyo katika kurasa hizi napenda kuisimulia safari ya masomo kwa upande wake wa jikoni, kitandani na barabarani.

Safari hizi hazikuanza na uhuru, wala hazikuanza na Uingereza. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin taasisi ya kufundisha lugha za mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zake. Ili kuwafundisha Wajerumani waliojiandaa kuja kututawala, waliitwa watu wa pwani yetu. Mmoja wao alikuwa Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha huko miaka ya 1890 na kuandika kwa Kiswahili habari za mambo aliyoyaona. Mwingine, Salim bin Abakari, mwenye asili ya Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia, naye akaiandika safari yake. Maandishi ya namna hiyo yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Watu hawa hawakwenda kama wanafunzi, lakini walijifunza kila kitu ambacho mwanafunzi wa baadaye alilazimika kujifunza: namna ya kuvaa, namna ya kupanda gari la moshi, namna ya kutembea katika njia ambapo kila jicho linakutazama.

Habari inayonigusa zaidi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa mwaka 1903. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha. Akakaa, akazoea, na mwaka 1904 akaoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni iliwazuia kuingia nchini kama mume na mke. Wakageuka, wakarudi Ujerumani, na huko ndiko Mtoro alikofia mwaka 1927. Tazama mambo ya dunia. Mtu aliyeuweza mji wa ugenini, akala chakula chake na kusema lugha yake, alifungiwa mlango wa kwao na wageni waliokuwa wamejifanya wenyeji.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza njia ikaelekea Uingereza. Jomo Kenyatta alikwenda London mara ya kwanza mwaka 1929, kisha akaenda tena mwaka 1931, na safari hiyo ya pili ikachukua miaka 15. Alisoma elimu ya jamii na mila kwa Profesa Bronisław Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya. Hayo yanajulikana. Yasiyosemwa sana ni kwamba msomi huyo huyo alihangaika na kodi na chakula, akaonekana kama mmoja wa watu wa kujaza kundi katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935, na wakati wa Vita ya Pili akafanya kazi ya shamba huko Sussex. Rais wa kwanza wa Kenya alipewa jembe kwa maana yake halisi.

Naye Mwalimu Julius Nyerere alifika Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwezi Oktoba 1949, akahitimu shahada yake mwaka 1952. Hakuwa Mwafrika wa kwanza kusoma pale. James Africanus Horton wa Sierra Leone alipata shahada ya udaktari katika chuo kikuu hicho mwaka 1859, na Hastings Banda wa Nyasaland alikuwa amepita katika mji huo kabla ya Nyerere. Mwalimu alipata kusema baadaye kuwa fikra zake za siasa zilikomaa akiwa kule. Mimi kila nikilikumbuka hilo huongeza jambo moja: zilikomaa katika nchi yenye mgao. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne, lakini sukari iliendelea kugawiwa kwa kipimo mpaka Septemba 1953, na nyama mpaka Julai 1954. Kijana kutoka Butiama alikuta taifa tajiri, lenye makoloni duniani kote, likipanga foleni na vitabu vya mgao mkononi, tajiri na maskini kwa zamu moja. Sisemi kwamba Ujamaa ulizaliwa katika foleni ya sukari. Nasema tu kwamba mwanafunzi husoma pia kile anachokiona akienda dukani.

Na fedha nazo zilikuwa somo. Sisi Afrika Mashariki tulikuwa na shilingi ya senti 100 tangu mwaka 1921. Waingereza wenyewe waliendelea kuhesabu peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, yaani peni 240 kwa pauni moja, mpaka tarehe 15 Februari 1971. Mwanafunzi wa Tanganyika wa mwaka 1949 alitoka katika hesabu nyepesi akaingia katika hesabu nzito, tena kwa watu waliokuja kutufundisha hesabu. Alipotaka kwenda mbali alipanda tramu, magari ya umeme yaliyopita juu ya reli katikati ya barabara. Tramu hizo ziliondolewa Edinburgh Novemba 1956, na nyingine mpya hazikurudi mpaka mwaka 2014.

Mwaka 1959 mlango mwingine ukafunguka. Kwa juhudi za Tom Mboya, wanafunzi 81 walisafirishwa kwa ndege moja kwenda Marekani, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa dola 100,000 kutoka mfuko wa familia ya Kennedy, wakaenda wengi zaidi. Katika kundi la mwaka 1960 alikuwamo msichana wa Nyeri, Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alipelekwa katika chuo cha watawa kwenye mji mdogo wa Atchison, Kansas. Alisimulia mwenyewe kwamba wakiwa njiani kwa basi, yeye na wenzake waliingia katika mgahawa kutaka soda, wakaambiwa hawawezi kukaa ndani kuzinywa. Ndiyo hali ilivyokuwa. Barua ya chuo ilimkaribisha mtu kusoma, lakini kiti cha mgahawa kilikuwa na sheria yake.

Uingereza haikuwa na sheria kama zile za kusini mwa Marekani, lakini chumba cha kupanga kilikuwa mtihani. Katika miaka ya 1950 wenye nyumba waliweza kuandika waziwazi mlangoni kwamba hawapokei watu weusi, na hapakuwa na kosa kisheria. Mwaka 1963, mjini Bristol, watu walilazimika kususia mabasi kwa miezi kadhaa ili wenzao weusi waajiriwe kuwa makondakta na madereva. Sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi ilipitishwa mwaka 1965, nayo ilihusu hoteli, migahawa, usafiri na mahali pa hadhara. Nyumba na kazi hazikuingizwa mpaka sheria ya mwaka 1968, na sheria yenye meno zaidi ikaja mwaka 1976. Kwa maneno mengine, mgeni mweusi alipata haki ya kiti cha basi miaka mitatu kabla ya haki ya kitanda.

Mimi niliondoka Septemba 1981. Nilikuwa na umri wa miaka 32, mwalimu niliyefundwa katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa, mzaliwa wa milima ya Lushoto. Nilipata nafasi ya mwaka mmoja kusomea uongozi wa shule katika chuo cha ualimu mjini Edinburgh. Bila ufadhili nisingeota kwenda, kwani tangu mwaka 1980 Waingereza walikuwa wameanza kuwatoza wanafunzi wa kigeni karo kamili. Kwetu nako hali ilikuwa ngumu. Vita ya Kagera ilikuwa imetukausha, fedha za kigeni hazikupatikana, na sabuni ilikuwa kitu cha kupeana kwa siri. Niliondoka na sanduku moja na orodha ndefu ya maombi ya ndugu.

Nilijidanganya kuwa baridi naijua. Mtu wa Lushoto huwacheka watu wa Tanga kwa kutetemeka. Lakini baridi ya Lushoto humwacha mtu mlangoni, na ile ya Edinburgh iliingia ndani, ikalala nami. Chumba nilichopata hatimaye kilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo la mawe la zamani, mojawapo ya majengo ambamo familia nyingi hutumia ngazi moja. Nasema hatimaye, kwa sababu kabla yake nilikwenda kutazama vyumba viwili ambavyo kwa simu vilikuwa vitupu, na nilipofika mlangoni vikawa vimechukuliwa. Sheria ilikuwapo, tena ya miaka 13. Lakini sheria humhukumu aliyesema, haimpati aliyetabasamu na kuomba radhi.

Ndani ya chumba kulikuwa na hita ya gesi, na hita ile ilikuwa na mita ya kumeza sarafu za peni 50. Ukitia sarafu, moto huwaka. Muda ukiisha, huzimika, hata kama uko katikati ya sentensi. Nilijifunza kukusanya sarafu hizo kama mtu akusanyavyo kuni kabla ya masika. Dukani nilikuwa nikilipa kwa noti ili nirudishiwe sarafu. Jioni nilipanga kazi zangu kwa moto: kwanza kazi za kuandika, kwa kuwa vidole hukataa kalamu vikipoa, kisha kusoma nikiwa nimejifunika blanketi.

Kwenda chuoni nilipanda basi la ghorofa, la rangi ya damu ya mzee na nyeupe. Hapakuwa na kondakta. Abiria alitia nauli kamili katika kisanduku mbele ya dereva, na hakuna chenji. Kwa mtu aliyezoea mabasi ya kwetu, ambamo kondakta hukuita, hukupanga, hukugombeza na hukuonyesha pa kushuka, ule ukimya ulinitisha kuliko baridi. Hakuna aliyekuambia umefika. Ilibidi nijiwekee alama zangu: kanisa lenye mnara mweusi, duka la samaki, kona yenye sanduku jekundu la posta. Ramani nayo ilinichezea. Katika mji ule wa zamani, barabara inaweza kupita juu ya nyingine kama dari juu ya sakafu. Ramani inaonyesha kwamba George IV Bridge na Cowgate zimekutana, nawe unasimama pale ukatazama chini, ukaona magari na watu wakipita futi nyingi chini ya miguu yako. Kumbe hujafika njia panda, umefika darajani. Mwenyeji hahitaji ramani hiyo, na mgeni haimtoshi.

Lakini kilichonisumbua kuliko vyote kilikuwa saa. Sisi huhesabu saa kwa jua. Linapochomoza tunaanza kuhesabu saa za mchana, na linapotua tunaanza tena. Hesabu hiyo ni ya watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua ni mtumishi mwaminifu. Edinburgh mwezi wa Desemba jua huchomoza saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kutua saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa kumi jioni, wakati ambapo kwetu watoto wanacheza mpira, kule taa zote zimewashwa na ni usiku. Nilisema saa kumi jioni, na jioni yenyewe ilikwisha kupita. Mwezi wa Juni mambo yaligeuka. Ramadhani ya mwaka 1982 ilianza karibu na tarehe 23 Juni, siku ndefu kupita zote, nasi tulifuturu saa nne usiku, na hata baada ya hapo giza halikuwa giza. Tangu mwaka 1861 mzinga hupigwa katika ngome ya mji ule kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, saa saba kamili mchana, ili mabaharia warekebishe saa zao. Mimi sikuwa baharia, lakini nilikuwa nikiusubiri. Ulikuwa ndio wakati pekee wa siku ambao saa yangu ya Kiswahili na saa yao zilikubaliana bila ubishi kuwa ni mchana.

Sasa nije kwenye jembe langu. Katika jengo letu ngazi zilifagiliwa na kupigwa deki na wapangaji wenyewe kwa zamu. Kulikuwa na kibao kidogo chenye kamba, kimeandikwa kuwa ni zamu yako. Aliyemaliza wiki yake alikitundika katika kitasa cha jirani afuatiaye. Kwa wiki tatu za mwanzo kibao kilinipita. Kilitoka kwa jirani wa kushoto, kikaenda kwa jirani wa juu, kana kwamba mlango wangu ni ukuta. Sikujua kama ni heshima kwa mgeni au ni dharau, nami kama mtu wa shule, niliyepanga zamu za usafi miaka yote, jambo hilo lilinikera.

Katika ghorofa ya chini aliishi bibi mmoja mjane, mfupi, mwenye miaka ipatayo sabini na mitano. Yeye ndiye aliyeniuliza siku moja, bila kuzunguka, kama ninajua kutumia ufagio. Nikamwambia kuwa mimi ni mwalimu, na kwetu mwalimu akikosa chaki bado ana ufagio. Akacheka. Jumamosi iliyofuata nilipofungua mlango nikakuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa changu. Nilifagia ngazi zile kutoka juu mpaka chini, nikapiga deki, na kila mlango ulipofunguliwa nikaamkiwa. Kabla ya hapo watu wale walinipita kwa kuinamisha kichwa. Kuanzia siku ile wakawa wakiniuliza habari za hali ya hewa, ambayo ndiyo salamu ya kwao, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani.

Majira yale ya baridi yakawa makali kupita kiasi. Tarehe 10 Januari 1982, huko Braemar, kaskazini ya Edinburgh, kipimo kilishuka mpaka nyuzi 27.2 chini ya sifuri, sawa na rekodi ya nchi nzima iliyowekwa mahali hapo hapo mwaka 1895. Madereva wa treni nao waligoma siku kadhaa mwezi ule, na idadi ya wasio na kazi nchini ikapita milioni tatu. Katika hali hiyo, Jumanne tarehe 2 Februari, nikapata barua ya kaka yangu. Aliniarifu kwamba mama yetu amefariki Jumatano tarehe 13 Januari, na amezikwa siku ileile baada ya alasiri. Barua ilikuwa imesafiri siku ishirini. Arobaini ya marehemu ilikuwa imefika nusu, nami katika siku zote hizo nilikuwa nimekula, nimecheka na kuandika insha juu ya ratiba za masomo.

Wanaosoma historia ya safari za masomo hawakuti mahali habari za misiba. Lakini waulizeni wote waliosoma ng'ambo kabla ya simu za mkononi, wataeleza. Msiba kwetu una watu wake. Mfiwa hapiki, hateki maji, halali peke yake; majirani huchukua kazi zake zote ili yeye abaki na kilio tu. Mimi nilikuwa na barua, kiti, na mita iliyokuwa inakaribia kuzimika. Wiki ile ilikuwa zamu yangu ya ngazi. Sikujua la kufanya, nikachukua ufagio nikaanza kufagia. Nilipofika chini yule bibi akafungua mlango, akanitazama, akauliza ni nani aliyekufa. Nikamjibu kuwa ni mama yangu. Alinyamaza kidogo, akauchukua ufagio mkononi mwangu, akaniambia nipande nikapumzike.

Jioni walikuja wenzangu. Alikuwapo Mkenya mmoja wa Mombasa, Msudani wawili, Mnaijeria wa Kano na Mmalaysia. Yule wa Mombasa ndiye aliyewapelekea habari. Aliniambia, "Pole sana, ndugu yangu. Usiku wa leo hulali peke yako." Tulisoma khitma katika chumba ambacho hakikutosha watu watatu. Tulipokuwa katikati, mlango ukabishwa. Alikuwa yule bibi wa chini. Amepanda ngazi zote zile na magoti yake mabovu, na mkononi ana kopo la chai la bati. Hakuingia. Akanipa kopo, akasema, "Wageni wako watakaa mpaka usiku mkubwa, na mita yako haina huruma." Ndani ya kopo mlikuwa na sarafu za peni 50, kumi na mbili. Moto haukuzimika usiku ule. Na kwa wiki mbili nzima kibao cha zamu kiliupita mlango wangu, safari hii nikijua vizuri sababu yake.

Nimelitafakari jambo hili miaka mingi. Bibi yule hakujua Kiarabu, hakujua Kiswahili, wala hakujua Lushoto iko wapi. Hakuna aliyemfundisha kwamba kwetu mfiwa hapiki. Lakini alitenda hasa yale ambayo majirani wa mama yangu walikuwa wakiyatenda kule mlimani: aliondoa kazi mikononi mwa mfiwa, na akaleta kuni. Nilikwenda kusomea uongozi wa shule, na cheti nilikipata. Niliporudi na kukabidhiwa shule, kitu cha kwanza nilichokipanga hakikutoka katika cheti. Niliagiza kwamba kila mwanafunzi mpya wa bweni, katika wiki yake ya kwanza, apewe kazi ya zamu pamoja na wenzake wa zamani, na asiachwe kukaa kama mgeni. Na kwamba akifiwa, zamu yake ichukuliwe na bweni bila yeye kuomba. Baadhi ya walimu waliona kuwa namtwisha mtoto kazi kabla hajazoea. Nami nikawajibu kuwa hatazoea mpaka atwishwe.

Siku hizi mambo yamebadilika sana. Mjukuu wangu mmoja yuko China anasomea uhandisi. Kabla hajapanda ndege alikuwa amekwisha kukiona chumba chake kwa picha. Akipotea njiani simu yake humwambia ageuke kulia, tena kwa Kiswahili akitaka. Nauli hulipa kwa simu hiyo hiyo. Bibi yake akiumwa kichwa asubuhi, yeye anajua kabla ya adhuhuri. Sina budi kushukuru, maana siku ishirini za barua yangu sizitamani kwa mtu yeyote.

Hata hivyo, katika mazungumzo yetu, nikimuuliza jirani yake wa chumba cha pili anaitwa nani, hajui. Anapolala yuko nyumbani, kwa sababu sauti za nyumbani zimo sikioni mwake. Anapoamka yuko darasani. Mji ule anaupita katikati kama mtu apitaye ndani ya bomba. Simlaumu, kwani sisi tulilazimishwa na shida kuwajua majirani, na yeye shida hiyo hana. Lakini simu haitundiki kibao mlangoni, na usiku wa msiba haiwezi kutia sarafu katika mita.

Kwa hiyo nilipomwandikia juzi sikumuuliza habari za mitihani. Nilimwagiza mambo matatu. Ajifunze jina la mtu anayelala upande wa pili wa ukuta wake. Atembee kwa miguu, mara moja kwa wiki, njia ambayo kwa kawaida huipita kwa treni ya chini ya ardhi. Na akiona wenyeji wanafagia, wanabeba au wanapanga viti, asisubiri kualikwa, aombe apewe na yeye. Alinijibu kuwa kule kazi ya kufagia ina watu wake wa kulipwa. Nikamwambia atafute, hakosi kukuta jembe la aina nyingine.